Kufunga GPS kwenye Hilux ya baba mdogo bila kuacha alama

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Tabora mjini, nanunua asali na nta kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na kule ndani kuelekea Ipole. Gari ninalotumia ni Hilux ya milango minne ya baba mdogo, naye amesema wazi kwamba asikute tundu wala mkwaruzo. Nimenunua GPS ya gari yenye skrini ya inchi 5 ili nihifadhi alama za kambi za nyuki. Holda yake ya kunyonya kioo inadondoka kila nikiacha lami. Nikabandika kwenye dashibodi kile kisahani cha gundi kilichokuja nayo, sasa kinainuka upande mmoja na naogopa kukibandua. Fundi mmoja ananishauri apige skrubu mbili au aweke supagluu. Nifanyeje? Na waya wa umeme niupitishe wapi?

JIBU: Skrubu hapana. Supagluu hapana mara mbili. Tundu la skrubu mtu anaweza kulitafutia kifuniko, lakini supagluu inapokauka hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki kuzunguka mahali ilipopakwa, na siku ya kuitoa inaondoka na ngozi ya dashibodi. Halafu nyuma ya ile plastiki kuna mafungu ya nyaya na mifereji ya hewa, na upande wa abiria kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa baruti. Ncha ya skrubu haina macho.

Shida yako kubwa ni kwamba unaiomba plastiki ibebe mzigo. Dashibodi kazi yake ni kufunika. Ndani ya gari vinavyobeba ni viwili, kioo na chuma, na chochote utakachofunga kinapaswa kishike kimojawapo. Plastiki iachie kazi ya kuegemewa tu.

Kwanza kitoe kisahani

Usikivute kwa nguvu. Gundi ya aina hiyo, mkanda mnene wenye povu katikati, hung'ang'ania sana ikivutwa ghafla lakini hukatika kirahisi ikiwa ya moto na ikikatwa taratibu. Tafuta draya ya saluni, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wenye unene wa kama milimita 0.4, mafuta ya kupikia vijiko viwili, maji ya sabuni na vitambaa laini viwili. Mshipi ukikosekana, uzi wa kusafishia meno wa duka la dawa unafanya kazi ileile.

Shika draya umbali wa sentimita 15 na uipitishe huku na huku juu ya kisahani kwa dakika mbili. Usiisimamishe mahali pamoja. Kipimo ni mkono wako: plastiki iwe ya moto lakini vidole vivumilie kuigusa. Vikishindwa kuvumilia umezidisha, na plastiki iliyozidishiwa moto hupinda isirudi. Funga ncha za mshipi kwenye vijiti viwili vya mbao ili usikate vidole, uingize chini ya ule upande ulioinuka, kisha vuta kushoto na kulia kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni kwa uzi. Mshipi ulale sambamba na dashibodi. Ukiunyanyua juu, unarudi kwenye kuvuta. Ukigoma katikati, pasha tena. Dakika 10 zinatosha, na usiruhusu mtu akuletee bisibisi ya kuharakisha.

Mabaki ya gundi yasugue kwa dole gumba wakati bado yana joto, yatajikunja kuwa vidonge. Yatakayobaki yapake mafuta ya kupikia, subiri dakika 10, futa, kisha osha kwa maji ya sabuni mpaka utelezi uishe. Petroli na thina usiviguse: huilainisha ngozi ya plastiki na kuifanya ipauke, ukajikuta umetoa gundi na umeacha doa kubwa kuliko kisahani chenyewe.

Huenda ukaona duara jeusi zaidi mahali kisahani kilipokuwa. Hilo si doa. Ni rangi ya asili ya dashibodi, na sehemu nyingine zote ndizo zilizopaushwa na jua. Hakuna cha kuisugua hapo, wala usijaribu kiwi ya viatu. Mwambie baba mdogo mwenyewe kabla hajaliona.

Sababu za kisahani kuinuka ni za kawaida. Dashibodi ya Hilux ina vinyweleo, hivyo gundi imegusa vilele tu bila kuingia mabondeni. Pili, karibu kila anayeosha magari mjini hupaka mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, na juu ya silikoni hakuna gundi inayoshika. Tatu ni haraka. Gundi hizi za povu, katika joto la kawaida la chumba, hufikia kama nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72. Mtu anabandika saa mbili asubuhi, saa tatu ameshatundika GPS na yuko njiani.

Na siku ukilazimika kutumia gundi, ipeleke kwenye kioo. Kioo hakina vinyweleo, hakinywi mafuta, na siku ya kubandua unalowesha kwa maji ya sabuni na kukwangua kwa wembe mpya ulioulaza, kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Isipokuwa kama kioo kimebandikwa tinti kwa ndani. Hapo wembe utaichana.

Kwa nini holda inadondoka

Kinachoishika holda kwenye kioo ni hewa ya nje inayoikandamiza, wala si unata wa raba. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Mtu anaweza kudhani hiyo ndiyo sababu, lakini piga hesabu. Raba ya kipenyo cha sentimita 6 ina eneo la kama sentimita za mraba 28. Hata ikifanikiwa kutoa nusu tu ya hewa iliyo chini yake, hapo Tabora inakandamizwa kwa nguvu ya kama kilo 12. GPS yako pamoja na holda haifiki hata nusu kilo. Nguvu ipo ya kutosha, ila hewa inapenya taratibu na kurudi ndani ya raba mpaka inaachia.

Inapenyea wapi? Mara nyingi kwenye utando wa mafuta. Dashibodi ikipigwa na jua hutoa mvuke wa vilainishi vyake, na mvuke huo hutua ndani ya kioo cha mbele kama ukungu mwembamba wa mafuta. Huuoni mpaka gari la mbele yako usiku likuwashie taa. Kitambaa kikavu kinauhamisha tu kutoka hapa kwenda pale. Juu yake ongeza vumbi la kiangazi, lile la kuanzia Mei hadi Oktoba linalopita hata madirisha yakiwa yamefungwa. Chembe moja chini ya ukingo wa raba ni mlango tosha wa hewa.

Kisha joto. Hewa kidogo iliyobaki chini ya raba ikitoka nyuzi 25 hadi 65 inatanuka kwa kama asilimia 13, na wakati huohuo raba yenyewe inalainika. Ndiyo maana holda nyingi huanguka gari likiwa limeegeshwa juani, halafu mtu analaumu barabara.

Sasa safisha hivi. Osha eneo la ukubwa wa kiganja kwa maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, futa kwa maji matupu, kausha. Halafu pitisha alkoholi ya isopropili kwa kitambaa safi kisichotoa manyoya, mara mbili, kila mara kwa upande mpya wa kitambaa. Hapa watu wengi hukosea spiriti. Baadhi ya spiriti za kusafishia vidonda zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na hayo mafuta ndiyo unayoyakimbia. Ijaribu: dondosha tone moja kwenye kioo cha pembeni, liache likauke, kisha litazame kwa kuinamisha kichwa. Ukiona duara la utelezi, hiyo haifai. Mafundi simu wa mjini wana isopropili safi ya kusafishia bodi za simu, na kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa kinakutosha.

Raba yenyewe ioshe kwa maji ya sabuni, isuuze, ikauke kivulini. Ikiwa ukingo wake umejikunja kwa kuachwa juani, itumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika mbili au tatu, iweke kifudifudi juu ya kioo au sahani bapa, na iache ipoe hapohapo. Mara nyingi hurudi kwenye umbo lake. Ikiwa ina ufa ukingoni hata mdogo kama unywele, nunua nyingine.

Funga asubuhi kioo kikiwa baridi. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo sana kwenye ukingo wa raba, si matone, kandamiza katikati kwa kiganja kwa nguvu, na ukiwa bado umekandamiza ndipo ulaze kishikio cha kubana. Kisha iache tupu bila GPS kwa nusu saa. Ikiwa bado imeshika, ivute kidogo kwa mkono. Ikicheza, fungua uanze upya. Epuka ile mistari ya vidoti vyeusi kwenye kingo za kioo, kwa sababu vile vidoti vina mwinuko na chini yake hewa hupita kama maji kwenye mtaro.

Mahali pa kuiweka

Wengi wanaweka kona ya chini kulia, karibu na nguzo ya kioo, kwa sababu dereva wetu anakaa kulia na waya unakuwa mfupi. Mimi siipendi kona hiyo kwa magari ya kwenu. Nguzo tayari inaficha baiskeli na bodaboda kwenye makutano, na GPS inaongeza upana wa kile kivuli. Baya zaidi, ikidondoka inaangukia miguuni kwako, na GPS iliyoingia chini ya kanyagio la breki ni ajali.

Weka chini ya kioo, kushoto kidogo kwa usukani, karibu na mstari wa katikati ya gari, ukingo wa juu wa skrini usipande zaidi ya mstari wa boneti unavyouona ukiwa umekaa. Hapo ikidondoka inaishia kwenye gia. Usisogee zaidi kushoto. Tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye dashibodi upande wa abiria. Kifuniko hicho kikifunguka, mfuko hupanda hadi kwenye kioo na utarusha chochote kilicho mbele yake usoni kwa abiria. Kutoka ukingo wa kifuniko acha nafasi ya angalau shubiri moja. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, nguzo za kioo nazo zina maandishi hayohayo, usitundike kitu hapo.

Kabla ya kukandamiza raba, washa GPS, ishike kwa mkono mahali unapokusudia, gari likiwa nje ya paa la bati na mbali na miembe, kisha fungua ukurasa wa setilaiti. Inahitaji setilaiti 4 kwenda juu ili ikupe mahali na mwinuko. Subiri dakika 5, andika kiwango cha makosa inachoonyesha, kisha toka nayo nje ulinganishe. Ikiwa nje ni mita 4 na ndani mita 5 au 6, uko salama. Ikiruka hadi 15 au 20, kuna kitu kinaziba. Mara nyingi ni tinti yenye chembe za metali iliyobandikwa kwenye ukanda wa juu wa kioo, au ni chaja. Nitarudi kwenye chaja.

Mkono mfupi na mguu wa pili

Njia zile za msituni baada ya kuacha lami zimejikunja kama bati, na mikunjo hiyo ndiyo inayokuharibia. Mtikisiko mmoja mzuri unaweza kuifanya GPS ya gramu 250 ivute kama kitu cha kilo moja kwa kufumba na kufumbua. Kilo moja kwenye mkono wa sentimita 5 ni jambo dogo. Kilo hiyohiyo kwenye shingo ndefu ya sentimita 20 inabandua raba kwa nguvu mara nne, kila sekunde mara kadhaa, kwa saa mbili. Kwa hiyo zile holda za shingo ya kupinda zinazouzwa stendi achana nazo. Chukua yenye mkono mfupi kuliko zote na fundo la mpira, yaani kitufe cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, linalokazwa kwa nati.

Kisha ipe mguu wa pili. Kata kipande cha sponji ngumu ya godoro, sentimita 5 kwa 5, urefu wake uwe mkubwa kwa nusu sentimita kuliko nafasi iliyopo kati ya tumbo la GPS na dashibodi. Kivishe kitambaa cha pamba kisichochuja rangi, shona, na ukisokomeze pale chini. Sasa raba inavuta, sponji inasukuma, na mtikisiko unafia kwenye sponji. Kifaa hiki cha bei ya kipande cha andazi kinasaidia kuliko holda ya bei mara mbili. Usitumie kipande cha tyubu ya gari badala ya sponji: raba nyeusi ikikaa juani juu ya plastiki huacha alama ya kahawia iliyoingia ndani, na haifutiki.

Fundo la mpira nalo lifute vumbi kwa isopropili kila wiki. Vumbi likiingia kati ya mpira na kikombe chake, nati hata ukiikaza vipi GPS itakuwa inainamisha kichwa kama mtu anayesinzia.

Usipotaka kugusa hata kioo, upo mfuko mzito wa kulaza juu ya dashibodi. Fundi cherehani anaweza kuushona: turubai upana wa sentimita 20, vyumba vinne ili mchanga usikimbilie upande mmoja, mchanga mkavu uliochekechwa kama kilo moja, na chini karatasi ya silikoni ya kuzuia kuteleza. Raba nyeusi nayo hapana, kwa sababu niliyoitaja. Mfuko huu ni mzuri kwenye lami ya Nzega au Urambo. Porini, breki ya ghafla inaupeleka kwenye kioo, mlima mkali unauleta mapajani. Kwa safari zako nisingeutegemea. Holda za kubana kwenye matundu ya hewa ni za simu. Vile vipande vya plastiki vya Hilux yenye umri huvunjika kama njiti za kiberiti, na kimoja kikivunjika baba mdogo atakigundua siku hiyohiyo.

Ikishindikana kioo, nenda kwenye chuma

Ukifuata yote hayo na bado njia ya msituni ikaishinda raba, tumia boliti ambayo gari limekuja nayo. Boliti ya mbele ya kiti cha abiria, ile ya upande wa ndani jirani na gia, inaweza kushika bamba dogo, na kutoka kwenye bamba fimbo inapanda hadi usawa wa redio. Kwa Toyota nyingi kichwa cha boliti hiyo ni spana namba 14. Mwambie fundi wa kuchomelea akate bamba la chuma la milimita 3, upana milimita 30, urefu milimita 120, atoboe tundu linalopita boliti bila kulegalega, na achomelee fimbo ya bomba jepesi la kama sentimita 45. Vyote alainishe kingo na apake rangi. Kazi yote ya kuchomelea ifanyike nje ya gari. Cheche moja kwenye kapeti na sharti la baba mdogo limevunjika.

Boliti ya kiti si ya mchezo, ndiyo inayomshika abiria gari likigonga. Ifungue moja tu, usiziguse nyingine tatu. Bamba likae kati ya kichwa cha boliti na mguu wa kiti, kamwe lisiende chini ya mguu. Hesabu mizunguko wakati wa kufungua: ikiwa boliti ilitoka kwa mizunguko 12, milimita 3 za bamba zitakula miwili au mitatu, na hiyo inavumilika. Ikiwa iliingia kwa mizunguko 6 tu, acha mpango huu. Kaza kwa spana ya kipimo kwa kiwango cha kitabu cha gari, au nenda gereji yenye nayo, na ukague tena baada ya kilomita 100. Chini ya kiti ukiona soketi ya rangi ya njano, hiyo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa, usiichomoe hata kwa kujaribu.

Kaa kwenye kiti cha dereva, pitia gia zote na lile la foo-wili. Fimbo isiguse mkono wako popote. Siku ya kurudisha gari unafungua boliti, unatoa bamba, unakaza, basi.

Umeme

Njia rahisi ndiyo bora kwako: chaja ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Tumia ile iliyokuja na GPS. Ukitumia waya wa kawaida wa simu, baadhi ya GPS hudhani zimeunganishwa na kompyuta na zinaganda kwenye picha ya kompyuta badala ya kuonyesha ramani. Waya wa gari una kiungo ndani kinachoiambia GPS kwamba huu ni umeme tu. Ncha ya chaja nyingi ina fyuzi ndogo ya kioo: ukiona chaja imekufa, fungua kofia ya ncha taratibu juu ya kitambaa, maana kuna springi inayopenda kuruka chini ya kiti.

Chaja za bei ya chini zina tabia ya kutoa kelele ya mawimbi. GPS husikiliza masafa ya megahezi 1,575.42, na mawimbi ya setilaiti yakifika hapa chini ni hafifu mno. Chaja mbovu iliyo sentimita 20 pembeni inayafunika. Dalili yake ni rahisi: chomoa chaja, kiwango cha makosa kinashuka; chomeka, kinapanda. Dawa ni kubadilisha chaja, wala hakuna namna ya kuihamisha holda itakayokuponya.

Waya uulaze kwenye mwanya kati ya dashibodi na ile sehemu ya katikati yenye redio, ushuke pembeni mwa kasha la gia hadi kwenye tundu. Tumia tai za plastiki za kubana waya kwenye fimbo au kwenye waya mwingine wa nje unaoonekana, si vile vibanio vya kubandika kwa gundi, hivyo vitakurudisha kwenye hadithi ya kisahani. Ukilazimika kusukuma waya chini ya ukingo wa plastiki, tumia mpini wa mswaki uliochongwa bapa. Bisibisi hata ukiifunga tepu itaacha jino. Acha kitanzi cha sentimita 10 karibu na GPS, ili mtikisiko usivute tundu lake, sehemu ambayo huharibika kabla ya skrini.

Kama tundu la sigara linatumiwa na chaja ya simu, unaweza kuchukua umeme kwenye boksi la fyuzi bila kukata waya wowote, kwa kiunganishi cha kuchomeka kwenye nafasi ya fyuzi chenye vyumba viwili: kimoja fyuzi ya zamani, cha pili fyuzi yako. Chagua nafasi iliyoandikwa CIG, ACC au P/OUTLET, inayozimika ufunguo ukitolewa. Zilizoandikwa ECU, ABS au SRS, yaani za kompyuta ya gari, breki na mifuko ya hewa, zipite mbali. GPS inayochaji hula kama wati 5, yaani takriban nusu ampea kwenye umeme wa volti 12, kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 inatosha. Ya 10 itaacha waya wako mwembamba uungue kabla haijakatika. Kiunganishi kina upande sahihi. Ufunguo ukiwa ACC, ile hatua ya kuwasha redio bila injini, toa fyuzi ya zamani, pima waya mpya kwa mita ya umeme. Ukisoma volti 12, kimekaa vizuri na kila fyuzi inalinda njia yake. Ukisoma sifuri, kigeuze. Katikati ya waya huo na GPS lazima kuwe na kipunguzaji cha volti 12 hadi 5. Na ukija kuihamishia kwenye lori la volti 24, soma kwanza maandishi ya kipunguzaji: wanaoandika 12 tu wanamaanisha 12 tu.

Ukiegesha

Toa GPS kila unapoegesha mchana. Juu ya dashibodi chini ya kioo, juani, joto hupita nyuzi 70, wakati betri za lithiamu nyingi zinataka kuhifadhiwa chini ya 60 na kuchajiwa chini ya 45. Betri inayovimba huinua skrini kutoka ndani. Toa na holda pia: bandua kwa kuinua kile kiulimi cha ukingoni mpaka hewa iingie, usiipindue kwa nguvu. Futa na ule mduara inaoacha kwenye kioo, kwa sababu mwizi wa stendi akiuona anajua kuna kitu kwenye droo.

Jambo la mwisho si la holda, lakini utalikuta. GPS huanza na mfumo wa kupimia mahali uitwao WGS84, wakati ramani za karatasi za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960, na tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300, umbali wa kutosha kukukosesha kambi. Na kama unahifadhi alama kwa UTM, ule mfumo wa tarakimu za mita unaoigawa dunia kwa kanda, Tabora, Sikonge na Ipole ziko kanda ya 36 kusini. Ukichukua mzigo wa asali kwenda Kigoma, baada ya Uvinza utavuka longitudo ya 30 na tarakimu za mashariki zitaruka ghafla, maana Kigoma mjini iko kanda ya 35. GPS haijaharibika, wala holda haijacheza.